Tope Lina Mwenyewe

Mwaka juzi nilihudhuria semina moja jijini Dar es Salaam, ukumbi wenye kiyoyozi na chupa za maji mezani, tukaelezwa habari za Bwawa la Julius Nyerere. Megawati 2,115. Ukuta wa mita 131. Mitambo tisa. Picha zilipita moja baada ya nyingine, watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Ulipofika muda wa maswali nikanyoosha mkono, nikauliza: "Siku bwawa hili litakapojaa tope, au ukuta utakapochoka, litaondolewaje, na nani atalipa?"

Ukumbi ulicheka. Mtoa mada, mhandisi mwenye mvi, alinijibu kwa upole wa mtu anayemsahihisha mtoto: "Kijana, mwana kitovu bado hakijakatika, wewe unaulizia sanda?" Wakacheka tena. Aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "Wewe nawe, maendeleo huyataki?"

Nayataka. Simu ninayoandikia maneno haya inachajiwa na umeme wa maji. Lakini swali langu halikujibiwa, na nimechoka kulibeba peke yangu, kwa hiyo leo nalijibu mwenyewe. Hoja yangu ni fupi. Tope si uchafu wa mto. Ni mali yake, na ni mali ya watu wanaoishi mwisho wa mto. Bwawa ni mkopo wa mali hiyo. Na mtu anayekopa bila kusema atalipa lini, kwetu ana jina lake.

Mimi ni wa Rufiji. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa mlau. Kwa asiyeujua mlau: mto ulifurika wakati wa masika, ukalala juu ya mashamba, kisha ukarudi mkondoni mwake ukiacha udongo mweusi uliolowa. Watu walipanda mahindi, kunde na maboga kwenye unyevu ule, msimu usio na mvua, bila mbolea ya dukani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, Serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda sehemu za juu. Bibi alihama, jembe lake halikuhama. Kila mwaka alishuka bondeni, akapanda kwenye dungu lake, kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, akakaa huko hadi mavuno, akifukuza nguruwe na nyani.

Kabla ya kupanda alikuwa na desturi moja. Aliinama, akachota tope, akalifinya kiganjani, kisha akafungua vidole. Likibaki na alama za vidole na kung'aa kidogo, alisema, "Mto umeleta." Likisambaratika kuwa mchanga mtupu, alisema, "Mwaka huu umepita tu." Sikuwahi kumsikia akisema mafuriko yamekuja. Kwake mto ulileta au haukuleta, kama mjomba anayerudi kutoka safari.

Nilikwenda shule, nikasomea mambo ya maji, nikafundishwa kwamba kile alichokifinya bibi kinaitwa mashapo, na kwamba kwenye hesabu ya bwawa mashapo ni hasara. Yanapunguza ujazo wa ziwa. Yanakula mitambo. Kwenye vitabu vyangu tope lilikuwa adui anayesubiriwa langoni. Niliamini hivyo miaka kadhaa, hadi nilipousimamia mto Elwha.

Elwha uko kaskazini-magharibi ya Marekani, jimbo la Washington. Si mto mkubwa. Unatoka kwenye milima ya Olympic, unakwenda kilomita 72 hivi, unaingia mlango-bahari wa Juan de Fuca. Mdomoni mwake wanaishi Waklallam, ambao chakula chao, biashara yao na hadithi zao vyote vilikuwa samaki aina ya samoni. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi kutaga mtoni mle mle. Mwaka 1913 likakamilika bwawa la Elwha, chini ya kilomita nane kutoka baharini. Sheria ya jimbo ilitaka kila bwawa liachie samaki njia ya kupanda. Hili halikuachiwa. Badala yake waliambiwa kitajengwa kituo cha kutotolesha samaki. Kituo kikajengwa, mwaka 1922 kikafungwa. Mwaka mmoja kabla ya bwawa kukamilika, msingi wake ulipasuka na maji yakazifagia nyumba za Waklallam waliokuwa chini. Likazibwa, kazi ikaendelea. Mwaka 1927 likaongezwa la pili, Glines Canyon, refu zaidi, mita 64.

Angalia sasa kilichofuata, maana ndicho kinachonihusu mimi na wewe. Umeme ulipatikana, hilo sikatai. Lakini kila kokoto, kila punje ya mchanga iliyotoka mlimani ilisimama nyuma ya kuta zile mbili kwa karibu miaka 100. Maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa masafi, mazuri kwa picha, na yana jina kwa wataalamu: maji yenye njaa. Mto uliozoea kubeba mzigo ukinyang'anywa mzigo, huutafuta popote. Ulikomba mchanga wa chini hadi yakabaki mawe makubwa ambayo samoni hawezi kutagia. Mdomoni, ufuo ukaanza kuliwa, kwa sababu bahari huchukua kila siku na mto haukuwa tena na cha kurudisha. Waklallam walipoteza samaki kwa mkono mmoja na ardhi kwa mkono mwingine.

Walidai kwa miongo. Mwaka 1992 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuurudisha mto ule. Mwaka 2000 Serikali ikayanunua mabwawa yote mawili. Septemba 2011 kazi ya kubomoa ikaanza, na Agosti 2014 kipande cha mwisho cha Glines Canyon kikalipuliwa.

Wapinzani walikuwa na hoja moja kubwa, na haikuwa ya kijinga: tope. Nyuma ya kuta zile kulikuwa na mita za ujazo milioni 21 hivi za mashapo. Ukilichukua lori la mchanga la mita 10 tunalolijua sisi, hiyo ni safari zaidi ya milioni mbili. Hakuna aliyeweza kulibeba. Kwa hiyo iliamuliwa jambo ambalo mhandisi wangu mwenye mvi angelicheka: mto wenyewe ndio ulibebe. Ukuta ulishushwa kidogo kidogo, kipande kwa kipande, na kazi ikasimamishwa kila samaki walipokuwa wakipita. Kila ukuta ulipopungua, mto ulikata tope la ziwani kama kisu kwenye mkate wa kumimina, ukajitafutia mkondo wake wa zamani.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa harusi. Kwanza lilishuka tope laini, likageuza mto rangi ya chai ya maziwa hadi maili kadhaa baharini. Likafuata wimbi la mchanga, kisha kokoto, taratibu, kila moja kwa mwendo wake. Sakafu ya mto ikapanda kiasi cha mita moja. Vidimbwi walimopumzikia samaki vikajaa. Mkondo mmoja ukagawanyika vijito vingi, kama msuko uliofumuliwa. Majani na vijiti vikaziba mtambo mpya wa kusafisha maji ya mji wa Port Angeles, na ubomoaji wa Glines Canyon ukasimama karibu mwaka mzima. Mwani mkubwa wa baharini, karibu na mdomo, ukanyimwa mwanga na ukapotea. Barabara ya bondeni ikaja kukatwa na mto, na viwanja viwili vya kupigia kambi vikaenda. Aliyepiga picha mwaka 2013 angeweza kuuonyesha ulimwengu na kusema: tazameni, wameua mto.

Wengi walisema hivyo. Hapa ndipo ninapogombana nao. Walikuwa wakitazama malipo ya deni na kuyaita wizi. Miaka 100 mto ulikuwa unakufa kwa usafi, polepole, bila harufu, bila picha, na hakuna aliyeandika habari. Siku uliporudishiwa chake kwa miaka mitatu, kila mtu akashika pua. Dawa ya deni kulipa, na hakuna deni la karne linalolipwa bila mfuko kuuma.

Kisha hesabu zikaja. Katika miaka mitano ya mwanzo mto uliondoa kama theluthi mbili ya mashapo yale yote. Katika hayo yaliyoondoka, asilimia 90 hivi yalifika baharini; kilichobaki njiani ni kidogo. Mto ukapata nguvu ya kukata upya, vidimbwi vikarudi, mwani ukaota tena maji yalipoanza kuona jua. Mdomoni ikazaliwa ardhi mpya, makumi ya hekta, pale pale palipokuwa panaliwa. Kwenye sakafu za maziwa yaliyokauka wakapandwa mamia ya maelfu ya miche ya asili. Samoni hawakusubiri hata kazi iishe: mwaka 2012 walikwishapita mahali lilipokuwa bwawa la kwanza. Waklallam wao walisubiri. Walijizuia kuvua zaidi ya miaka 10 ili samaki waongezeke, na mwaka 2023 wakavua tena, kidogo, kwa ajili ya chakula na ibada.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye hesabu. Ziwa la bwawa la kwanza lilipokauka, lilionekana jiwe lenye mashimo mawili ambalo wazee wa Waklallam walikuwa wakilisimulia: mahali Muumba alipowaogeshea watu wao na kuwabariki. Vizazi viwili, vitatu vilikuwa vimesikia habari za jiwe hilo bila kuliona, na walikuwapo watu wa nje waliodhani ni hadithi tu. Lilikuwa chini ya maji muda wote.

Nilifika mdomoni mwa Elwha mwaka 2019, nikiwa mwanafunzi. Nilivua viatu. Ufuo wote ule ulikuwa mgeni kuliko mimi, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, mchanga wa kijivu na magogo yaliyolala kama mitumbwi iliyopandishwa. Nikainama bila kufikiri, nikachota, nikafinya, nikafungua vidole. Nikajikuta nasema kwa sauti, mbele ya wanafunzi wenzangu wasioelewa neno, "Mto umeleta."

Najua utakayonijibu, maana nimeyasikia yote.

Utasema tope si mara zote lina baraka. Kweli kabisa. Mwaka 1973 bwawa la Fort Edward kwenye mto Hudson liliondolewa bila kupima vizuri kilichokuwa nyuma yake, na mashapo yenye sumu za viwandani zijulikanazo kama PCB yakasambaa chini ya mto. Lakini sumu ile haikuwekwa na mto. Iliwekwa na watu, ikafichwa na bwawa. Funzo lake ni kupima kwanza, na kujua kwamba kila mwaka wa kuahirisha unaongeza kilichofichwa.

Utasema samaki hufa. Wanakufa. Kwenye mto Klamath, mpakani mwa California na Oregon, mabwawa manne yaliondolewa mwaka 2023 na 2024. Februari 2024 vifaranga vingi vya samoni vilivyoachiwa kutoka kituo cha kutotolesha vilikufa vilipopita kwenye handaki la bwawa lililokuwa bado limesimama. Swala walizama kwenye tope la ziwa lililokauka. Niliumia kusoma. Lakini mwaka 2002, mabwawa yote yakiwa yamesimama imara, makumi ya maelfu ya samoni wazima walikufa kwenye mto huo huo kwa ugonjwa, katika maji machache na ya moto. Mbona vifo vile havikuitwa gharama ya bwawa? Oktoba 2024, wiki chache baada ya vizuizi kuondoka, samoni walionekana Oregon, juu ya mahali palipofungwa zaidi ya karne.

Utasema hao ni Wamarekani, wameshashiba umeme, sisi bado tuna vibatari. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo inayotumika vibaya kuliko zote. Sijasema tubomoe Bwawa la Nyerere. Bibi yangu alifariki bila kuwasha taa ya umeme nyumbani kwake, na sitaki mjukuu wa mtu yeyote aseme hivyo tena. Ninachosema ni kwamba Wamarekani walijenga Elwha bila kuuliza swali langu, na waliokuja kulijibu ni wajukuu. Mradi wote, kuanzia kununua mabwawa hadi kulinda maji ya mji, uligharimu kama dola milioni 325, za walipa kodi. Miaka ya mwisho umeme wake ulikuwa ukitumika kwenye kinu cha karatasi. Faida ilikwenda kwa wachache, sanda ikashonwa na wote. Tajiri aliweza kulipa. Sisi tutaweza?

Maana bwawa litaondoka tu. Tofauti iko kwa mwondoaji. Binadamu akiliondoa, anashusha ukuta kipande kwa kipande na kusubiri samaki wapite. Maji yakiliondoa, hayasubiri mtu. Septemba 2023 mabwawa mawili juu ya mji wa Derna, Libya, yalipasuka usiku wa dhoruba na maelfu ya watu wakafa. Mei 2018 bwawa la shamba lilipasuka Solai, Kenya, likaua zaidi ya watu 40 waliokuwa nyumbani kwao. Kuulizia sanda ya bwawa si uchuro. Asiyeiulizia atashonewa yeye.

Turudi nyumbani. Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote hukutana juu ya ukuta wa Bwawa la Nyerere. Maji yalianza kuhifadhiwa Desemba 2022. Ziwa kubwa kiasi kile hukamata mchanga wote na sehemu kubwa ya udongo laini. Hiyo haihitaji siasa, ni uzito tu: maji yakisimama, kilichobebwa kinatua. Chini yake kuna mashamba ya mlau, kuna mikoko ya delta ya Rufiji, kuna kamba wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko hiyo. Delta si kisiwa cha mawe. Ni akaunti ambayo bahari hutoa kila siku na mto huweka kila masika. Misri walijifunza: tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipoufunga Nile mwaka 1964, pwani ya Rashid imeliwa vibaya na bahari.

Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mabishano yakazuka kama ni mvua au ni maji ya bwawa. Ugomvi huo siuamui hapa. Ninachojua ni kwamba mjadala wote ulikuwa juu ya maji: mengi, machache, yamefunguliwa, hayakufunguliwa. Sikusikia mtu akiuliza habari za tope. Aliyeuliza ni mama yangu mdogo, anayelima sasa shamba la bibi. Alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, wewe uliyesomea maji, niambie ukweli. Mto utaleta tena?"

Sikuwa na jibu la kumpa mkulima. Nilikuwa na maneno ya darasani. Nikanyamaza hadi akadhani mtandao umekatika.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyadai, kwa niaba yake na kwa niaba ya swali lililochekwa. La kwanza, tope lipimwe na litangazwe. Tunatangaziwa kina cha ziwa na megawati. Tutangaziwe pia tani za mashapo zinazoingia na zinazotoka kila mwaka, kwa Kiswahili, ubaoni kwenye ofisi ya kijiji. La pili, tope lipewe njia. Wachina waliumia kwanza: bwawa la Sanmenxia kwenye Mto Manjano lilianza kujazwa mwaka 1960, na ndani ya miaka michache tope likala sehemu kubwa ya ziwa hadi wakatoboa njia mpya za kulipitisha. Kwenye bwawa la Xiaolangdi, chini yake, wamekuwa wakifungulia maji kwa makusudi tangu mwaka 2002 ili mashapo yafike baharini. Hapa kwetu, maji yanapofunguliwa, yafunguliwe kwa kalenda ya mlau na kwa hesabu ya kinachobebwa ndani yake. La tatu, mfuko wa sanda uanze leo. Kwenye kila uniti ya LUKU tunayonunua, senti chache ziwekwe mahali ambapo hakuna bajeti itakayozigusa, hadi siku ukuta utakapochoka. Senti chache kwa miaka mingi ni rahisi kuliko mabilioni kwa siku moja. Hata kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwetu kinaijua hesabu hii.

Wewe unayesoma hapa, huenda ni mhandisi mtarajiwa, mwanasheria, mwandishi, au mtu tu mwenye mdomo. Utakaa siku moja kwenye ukumbi wenye kiyoyozi na picha zitapita ukutani. Piga makofi kama kuna cha kupigia makofi. Kisha nyoosha mkono, uliza. Watacheka. Uliza tena.

Mimi nimemwahidi mama mdogo nitashuka kwake masika yakiisha, kabla hajapanda. Amesema niende na viatu vya kuvua. Ataniwekea uji, tutashuka shambani, na kila mmoja wetu atachota lake na kulifinya.